Difu ya Mbele Haijafika

Coralie Schirmer alikuwa mtu wa wasiwasi tangu usichana wake. Akitoka nyumbani hurudi kutazama kama jiko limezimwa, kisha hurudi tena kuhakikisha kwamba alitazama vizuri. Mumewe, Ron, alizoea kumcheka. Kiangazi kile hata Ron hakucheka, maana safari hii wasiwasi wa mkewe ulikuwa na sababu, na aliyeileta sababu hiyo ni yeye Ron.

Ron ndiye aliyeifunga pikapu yao matairi makubwa. Pikapu yenyewe ilibeba tangi la maji na pampu, kama pikapu za majirani wote wa mashamba yale ya ngano. Moshi ukionekana wakati wa mavuno, kila mwenye tangi huacha alichoshika na kukimbilia huko, hangoji kuitwa. Matairi yalipendeza, siwezi kumnyima Ron sifa yake. Lakini gari lililokuwa likipanda vilima bila shida na tangi limejaa sasa lilihema kama mtu anayepandisha kabati ghorofani. Mwaka uliotangulia, Coralie, ambaye ndiye aliyeendesha kwa kuwa Ron alikuwa na nyonga mbovu, gari lilimwishia nguvu katikati ya mlima akawatazama kondoo wa jirani wakiungua. Alikuwa bado akiwasikia.

Dawa ilijulikana: kubadili gia za difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zile zinazopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Namba kubwa ya gia hupanda vizuri, namba ndogo hukimbia vizuri barabarani. Hapo pakawa na vita mezani.

"Nne nukta tatu inatutosha," Ron alisema. "Ukifunga nne nukta nane, injini itapiga kelele mpaka mjini, hata redio hatutaisikia."

"Usisikie. Mimi napandisha maji, Ron, sisindikizi maharusi."

Kwenye namba Coralie alishinda. Akaja kuponzwa kwenye gereji.

Katika mji wa mbali wa Port Lincoln kulikuwa na fundi mwanamke, Jelena, asiye na kazi nyingine ila difu. Alimwambia Coralie kwenye simu kwamba gia zote anazo, na kwamba gari haliondoki kwake mpaka difu zote mbili ziwe zimekamilika. Sasa, karibu na nyumbani alikuwepo Daz Noske. Daz alimsimamia Ron kwenye harusi, na gereji yake ndiyo inayoinunulia timu ya mpira jezi. Kumpita Daz ukapeleka gari kwa fundi wa mbali ni kumvua nguo mbele ya mji mzima, na mji ule husamehe mengi, lakini si hilo. Coralie akaona haya. Akalipeleka kwa Daz.

Daz alifunga gia za nyuma. Za mbele hazikuwa zimefika kutoka Adelaide.

"Chukua gari, shemeji, mavuno yameanza," alisema akijifuta mikono. "Ila ya mbele usiiguse, endesha kwa magurudumu ya nyuma tu. Sasa hivi mbele na nyuma hazizunguki sawa. Ukiziunganisha zitavutana mpaka kitu kikatike."

"Na moto ukitokea kule vilimani kwenye mchanga, ambako magurudumu ya nyuma peke yake hayatoshi?"

"Utokee wapi? Wewe unajitafutia presha bure."

Tangu hapo kila upepo wa kaskazini ulipovuma, Coralie alikula huku akitazama dirishani.

Moto ukatokea. Cheche za kombaini ya kuvunia ziliangukia mabua, na upepo ukaupeleka moshi moja kwa moja kwenye kilima anakoishi Bi Elvie, mama yake Daz, ajuza wa miaka themanini. Majirani wote walikuwa upande wa pili wa moto, na Daz pamoja nao.

"Nani yuko karibu na kwa mama?" sauti ya Daz ilisikika kwenye redio ya upepo ya garini.

"Mimi," Coralie akajibu. Akaliwasha gari.

Njia ya kupandia ilikuwa mchanga mtupu. Matairi ya nyuma yakazama. Akashuka, akapunguza upepo wa matairi, akajaribu tena, yakazama tena. Moshi ulikuwa umeshafika kwenye vichaka chini yake. Akashika ile gia ya kuunganisha magurudumu ya mbele, na mkono ukakataa kuivuta. Kikikatika kitu hapa, alifikiri, nitaungua kama wale kondoo.

Akaita redioni kwamba amezama.

"Shemeji, tia ya mbele!" Daz akapiga kelele.

"Ulisema itakatika!"

"Ikatike! Mchangani matairi yatateleza, itavumilia kidogo. Ukifika kwenye mawe huko juu, itoe haraka. Fanya, dada yangu, nakuomba."

Akaivuta. Gari likaruka, likagugumia, likapanda. Kwenye mawe akajaribu kuitoa, ilikuwa imeng'ang'ana. Akaivuta kwa mikono miwili huku akilia. Chuma kikakatika kwa mlio chini ya miguu yake, gari likasimama getini kwa Bi Elvie.

Mpira wa maji ulifika ukutani mwa nyumba, kwa shida. Coralie alimwagia majani na ukuta na paa mpaka tangi likakauka, na moto ukapita pembeni ukachukua banda la kuku. Bi Elvie alikuwa barazani, gunia bichi mkononi.

"Nilijua utafika," ajuza alisema. "Mwanangu Darryl aliniambia gari lako ameshalitengeneza."

Coralie akaketi kwenye ngazi, akaukunja mpira wa maji.

Daz alipofika alimkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akaingia chini ya pikapu, ambako mafuta yalikuwa yakichuruzika. Alipotoka hakumtazama Coralie.

"Nipe namba ya yule fundi wa Port Lincoln," alisema.

Alilivuta gari mwenyewe, Coralie akiwa pembeni yake, likapita mchana kweupe katikati ya mji wao, watu wakiangalia. Kule Port Lincoln, Jelena alichungulia chini ya gari, akainuka amekunja uso.

"Nani aliyeruhusu hili gari litoke gereji nusu nusu?"

Haya ile ile ikampanda Coralie. Akainamisha kichwa.

"Ni mimi," Daz akasema, akavua kofia.