Nilipohesabu Matonge ya Bibi

Daktari wa Arua, kaskazini mwa Uganda, alimtaka bibi yangu apunguze kilo kumi. Bibi alikuwa na ngiri ya kitovu, uvimbe wa ukubwa wa ngumi ya mtoto uliokuwa unatokeza kila akikohoa, na daktari akasema hawezi kupasua tumbo nene namna hiyo. Apungue kwanza, arudi mwisho wa Januari. Asipopasuliwa, siku moja utumbo utanaswa mle, na hapo hatajua kama atawahi kufika hospitali. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeagiza chai. Mama alitoka akalia kwenye korido. Mimi nilicheka, kwa sababu bibi alikuwa ameninong'oneza, "Daktari naye tumbo yake iko mbele ya meza, nani atapasua yeye?"

Kazi ya kumlinda bibi nilipewa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha tatu, likizo ndefu imeanza, na mama aliamini kwamba mtu aliyefaulu baiolojia anaweza kulinda mdomo wa mtu mwingine. Akanituma Koboko kwa bibi na karatasi ya kalori kutoka kliniki. Karatasi ilitaka vipande viwili vya mkate wa ngano, tufaha moja, na maziwa yaliyoondolewa mafuta.

"Tufaha iko mti gani?" bibi aliuliza.

"Iko Ulaya, bibi."

"Basi mimi nangoja Ulaya ikuje."

Nilijaribu simu. Nikaandika ugali wa muhogo, simu ikanionyesha keki. Nikaandika kunde zilizoungwa kwa simsim, yaani ufuta, ikaniuliza kama nilimaanisha kitu kingine. Mwishowe nikatunga kipimo changu: kopo tupu la samaki. Ugali kopo moja mchana, nusu kopo jioni, na simsim ya kusaga kijiko kimoja, kile cha dawa ya kikohozi. Nikaandika yote kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, halafu nikajipa cheo cha Daktari wa Kopo.

Kumpima tulienda kwenye stoo ya mazao karibu na soko, kwenye mizani ya magunia. Tulienda Jumatatu asubuhi kabla wapagazi hawajajaa, maana bibi hakutaka watu waone. Mwenye stoo alimshika mkono akapanda, akasimama kati ya magunia ya simsim, akiangalia mbele kama anapigwa picha.

"Mama, unauza nini leo?" mwenye stoo alimtania.

"Nauza posho ya jeshi," bibi alijibu. "Iko ya zamani, lakini iko kavu."

Babu alikuwa askari, na bibi alisema unene wake wote aliutoa kambini. Wiki mbili za kwanza alipungua kilo moja tu. Nilianza kuogopa. Januari ilikuwa inakuja, na uvimbe ule niliuona kila asubuhi akiinama kuosha miguu.

Sasa niseme habari ya Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya swala walikuja wanawake watatu, wajane kama yeye, walioishi naye kambini tangu wakiwa wasichana. Walikula kwenye sinia moja. Ugali uliwekwa katikati kama kilima, kila mtu akachimba upande wake huku wakisengenya watu, hai na wafu, mpaka wakakaribia kukutana. Ile nguzo iliyobaki katikati ilikuwa ya mtoto anayewanawisha mikono. Yaani mimi, tangu nikiwa na miaka mitano.

Kwenye sinia hakuna kopo. Bibi atakulaje kwa kipimo? Ijumaa ya tatu nikasimama na birika mkononi, nikaanza kuhesabu kwa sauti.

"Bibi, sita hiyo. Saba. Nane! Polisi iko hapa!"

Walicheka. Mmoja alipiga paja lake. Na mimi nikichekewa sijui kusimama, hata walimu wangu wanajua. Nikamgeukia mkubwa wao, mwanamke mnene kuliko bibi.

"Na wewe bibi mkubwa, kumi na mbili! Wewe tutakupima na lori."

Mkono wake ulikuwa njiani kwenda mdomoni. Ukasimama. Akalirudisha tonge upande wake wa sinia, taratibu, akalibandika pale lilipotoka.

"Tulikimbia vita na watoto mgongoni," alisema bila kuniangalia. "Tukakula majani. Siku ile hakuna mutu alihesabia mwenzake."

Wakanawa. Mimi ndiye niliyewamwagia maji. Walipoondoka bibi hakunipiga, na heri angenipiga. Alisema tu, "Umehesabia wageni kwa nyumba yangu," akaingia chumbani.

Ijumaa iliyofuata alipika, akatandika mkeka, sinia ikawekwa. Hakuja mtu. Ijumaa ya pili yake vilevile. Ya tatu hakupika.

Na hapo ndipo kilo zilipoanza kukimbia. Mbili. Tatu. Tatu tena. Mwenye stoo alipiga mluzi. Nilimwandikia mama, "Daktari wa Kopo amefaulu," akanirudishia vikatuni vinavyocheza ngoma. Muuza samaki sokoni aliniuliza bibi yangu ana ugonjwa gani, nikamjibu, "Ugonjwa wa sayansi." Nilijiona nina akili kweli.

Kisha niliwaona kuku. Kuku wa bibi walikuwa wamenona, wanatembea kama mabibi harusi. Nikamvizia mchana mmoja, nikamwona akitoka nyuma ya jiko na lile kopo, anawamwagia ugali wangu wote niliopima.

"Bibi, mbona hukuli?"

"Kula peke yangu siwezi." Alijigusa koo. "Inakwama hapa."

Ilinipasa nimpigie mama simu siku ile. Sikumpigia. Mizani ilikuwa inasema kile mama alichotaka kusikia, na ilibaki kilo moja tu. Nikachora mstari mwingine wa mkaa mlangoni, pale nilipohesabia kilo zake.

Mwisho wa Januari tulirudi Arua. Daktari alipoona kilo kumi na moja zimekwenda alimpa bibi mkono. Halafu akamvuta kope la chini, akaangalia, tabasamu likampungua, akatuma apimwe damu. Majibu yalipokuja akayasoma mara mbili.

"Siwezi kupasua mtu mwenye damu kidogo hivi. Arudi nyumbani ale, aje baada ya mwezi." Akamgeukia mama. "Alikuwa anakula nini?"

Mama akaniangalia mimi. Bibi akaangalia dirisha.

"Kopo," nilisema.

Hakuna aliyecheka.

Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki moja. Nilirudi Koboko na bibi, na kesho yake nikaenda kwa yule bibi mkubwa. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikapiga magoti.

"Bibi, nimekuja kuomba. Kuja ule na bibi yangu. Daktari amesema ale."

"Nani anahesabu?"

"Hakuna, bibi."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nje. Kwa kuku."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akaukataza. "Tutakuja. Sababu ya yeye tu."

Ijumaa walikuja wawili. Wa tatu alikuwa amekwenda kwa mwanawe, kijiji cha Omugo. Hawakuwa na haja ya birika langu, walijimwagia maji wenyewe. Mimi nilikaa na kuku, mgongo ukutani. Nilisikia wakizungumza habari ya mvua, na bei ya sabuni, na mvua tena. Hawakumsengenya mtu hata mmoja. Baada ya muda mfupi nikasikia maji yanamwagwa, na bibi akaniita nitoe sinia.

Kilima cha ugali kilikuwa karibu kizima. Upande wa bibi mkubwa kulikuwa na alama ya vidole vitatu. Upande wa mwenzake, kishimo kidogo. Upande wa bibi ulionekana kama umedonolewa na kifaranga. Wote walinisubiri niiondoe.

Nilipofika jikoni simu ililia. Ilikuwa mama.

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Bibi amekula?"

"Amekula, mama."

"Kiasi gani?"

Sinia ilikuwa bado mkononi.

"Sijahesabu," nilisema.