Maji ya Kiwiko

Mtaani walimwita Mama Kunukia, naye hakulikataa jina. Kila asubuhi alipoanza kukaanga nafaka, harufu iliingia madirishani mwa watu bila kubisha hodi, na wenye watoto wadogo wakajua unga wa uji uko njiani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwasagia mahindi, ngano na shayiri. Ukimwuliza siri yake, alisema siri ni moto. Bila moto, unga ni vumbi.

Basi mfikirie alivyoduwaa siku bintiye alipomwita zahanati. Mjukuu wake wa miezi kumi na minne, aliyekuzwa kwa unga huohuo, damu ilikuwa imempungua mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Alishapewa dawa ya kuongeza damu, na wakaambiwa wiki tatu zikipita bila nafuu, atalazwa.

"Mtoto anakula vizuri?" aliuliza bwana lishe, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

Mama Kunukia akaja juu. "Mara tatu kwa siku, unga wa mikono yangu. Pimeni tena, labda mashine yenu ndiyo yenye njaa."

Bwana lishe akatabasamu, akamwomba aeleze anavyoutengeneza. Akaeleza kwa maringo: anakaanga kwanza mpaka nafaka iwe ya kahawia, kisha analoweka kwa maji yanayochemka mpaka kesho yake ili uchafu wote ufe, ndipo anaanika na kusaga. Bwana lishe akaacha kuandika.

"Mama, ndani ya nafaka madini ya chuma yamefungwa na kitu kinachoitwa fitati. Tumbo la mtoto haliwezi kuyafungua. Nafaka yenyewe ina kimeng'enya cha kufungua. Ngano na shayiri zinacho kingi, mahindi kidogo sana. Kinaamka kwenye maji ya vuguvugu. Moto unakiua. Wewe unakiua kwanza, halafu ndiyo unaloweka."

Hapo Mama Kunukia akakumbuka. Marehemu mama yake alikuwa akiloweka kwanza, na kabla ya kumimina nafaka alitumbukiza kiwiko ndani ya beseni, kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. "Yakikuunguza wewe, yanaiunguza na nafaka," alisema. Kukaanga kulikuja mwisho, kidogo tu. Mama Kunukia aliuona utaratibu huo ni ushamba. Akageuza kazi juu chini, kwa kuwa nafaka iliyokaangwa kwanza haikuchacha, na wateja waliipenda harufu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa guu lililovunjika lilikuwa la mtoto asiyejua hata kusema.

"Si unga peke yake, mama," bwana lishe akamwambia. "Ila nafaka ingelowekwa kwanza, unga ungemsaidia." Akamgeukia binti. "Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mama yake. Wewe ulipokuwa na mimba ulikuwa unakula nini hasa?"

Binti alimtazama mama yake kwanza, kisha sakafu.

"Unga wa mama. Asubuhi na jioni. Alikuwa akiniletea mwenyewe."

Mama Kunukia akaziba mdomo kwa khanga.

Kesho yake mtaa haukunukia. Wateja waliokuja kuuliza kulikoni walimkuta ameinama juu ya beseni, mkono ndani ya maji, machozi yanamtiririka wala hayafichi.

"Leo sina unga," aliwaambia. "Na ule mlio nao nyumbani, rudisheni. Nimewakosea watoto wenu. Kaeni niwaeleze, mkimaliza kusikia nitukaneni mtakavyo."

Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyeondoka. Bintiye akatoka ndani, mtoto mgongoni. Akakunja mkono wa gauni, akachuchumaa, akatumbukiza kiwiko chake kando ya cha mama yake.

"Bado ya moto, mama," akasema. "Tungoje."