Verna na Ardhi Iliyovunja Mabeleshi

Verna Trembath alipika miaka thelathini na moja katika shule ya Tarrawil, na alipostaafu alijinunulia ditekta ya dhahabu, mashine inayopandisha sauti ikipita juu ya madini. Wenzake walicheka mpaka wakachoka. Yeye kila asubuhi ya kipupwe aliingia msitu wa mikalitusi, akavaa hedifoni na kuipitisha mashine juu ya nyasi, huku na huku, taratibu, kama anayembembeleza mtoto asinzie.

Ndani ya hedifoni ardhi ilivuma. Verna aliupenda mvumo ule kuliko dhahabu yenyewe. Ukungu ulilala juu ya mashimo ya wachimbaji wa kale, ndege walipita bila sauti, naye alitembea nusu macho, nusu njozini, asijue imepita saa moja au tatu.

Siku moja, chini ya mwamba mwekundu, mvumo uliinuka. Uliinuka kidogo tu kisha ukashuka, kama mtu aliyevuta pumzi usingizini. Akairudisha mashine pale pale. Ukainuka tena.

Siku hiyo alikuwa na kijiko cha bustani tu, nacho kilipinda kabla shimo halijafika kina cha kiganja. Kesho yake alikuja na beleshi jipya la dukani, mpini umepakwa rangi ya kupendeza. Changarawe ilikuwa imeshikamana kama zege. Beleshi likakatika shingoni. La pili halikumaliza hata saa. Basi akavikusanya vipande na kwenda kwa Lindsay Kitto, mhunzi mzee aliyeishi ng'ambo ya kijito.

"Hili ulikuwa unakatia keki?" Lindsay aliuliza, akiligeuzageuza beleshi.

"Usinianze, Lindsay. Nipe kitu kisichovunjika."

"Hicho hakuna, bibie. Kuna kinachochelewa kuvunjika."

Ukutani zilining'inia sururu tatu, zote amezifua mwenyewe kwa chuma cha sahani kuukuu za plau. Verna akaenda moja kwa moja kwenye kubwa.

"Inyanyue mara ishirini," Lindsay alisema, "halafu tuongee."

Alifika ya tisa, akaitua chini.

"Nzito ndiyo inayochimba," alibisha huku akihema.

"Asubuhi inachimba. Ikifika saa sita inakuchimba wewe."

Akampa ya kati. Upande mmoja ulikuwa bapa, wa kukwangua. Wa pili mwembamba, wa kuchokonoa mwamba. Lindsay akaupitisha ukucha juu ya mpini ambao haukupakwa rangi yoyote. "Tazama nyuzi za mti zilivyonyooka toka kichwani hadi chini. Zikikata kona, hapo ndipo mpini utakapovunjika. Rangi ya dukani kazi yake kukuficha hilo." Kisha akambandikia sumaku juu ya chuma, ya kunasa misumari ya kale inayoihadaa mashine. "Na ukipima shimo, iweke mbali. Mashine ikiisikia sururu, utachimba mpaka utokee Uingereza, upande wa pili wa dunia."

Verna alirudi kwenye mwamba mwekundu. Sururu iliingia ardhini kwa mlio mzito uliomtuliza, na kila alipopima, sauti ilikuwa imesogea karibu. Alichimba kina cha kiwiko, kisha cha bega, amelala kifudifudi, harufu ya udongo baridi imemjaa puani. Adhuhuri alitoa jiwe jeusi, zito, limejaa chuma. Mashine ilipolia juu ya jiwe hilo na kunyamaza juu ya shimo, alielewa kwamba amedanganywa na chuma. Alikaa pale kitambo, jiwe mapajani, bila hasira. Kisha akafukia shimo na kurudisha nyasi juu.

"Ilikuwa nini?" Lindsay alimuuliza jioni.

"Jiwe. Kama kichwa chako, na gumu hivyo hivyo."

"Na sururu?"

"Haina hata mkwaruzo."

"Basi hukupata hasara yote."

Mwezi Agosti, upande wa pili wa bonde, alikwangua kina cha vidole viwili tu kwa ule upande bapa wa sururu, na kipande cha dhahabu kikajitokeza, kimeviringika, kadiri ya punje ya haragwe. Alikifuta kwa mate, akakitia kwenye kichupa na kukiweka mfukoni. Halafu akavaa tena hedifoni na kuendelea kutembea ndani ya mvumo, mpaka jua lilipokuwa limeinama ndipo akakumbuka kwamba mkate wake wa mchana bado ulikuwa kwenye mkoba.