Jibu Kutoka Dirishani

Upumbavu wenyewe ulikuwa huu: nilitoroka sekondari yetu, nikapanda kreti tupu ya soda nje ya shule ya msingi hapa Bwera, nikawasaidia watoto viziwi kuiba mtihani. Wazo lilikuwa tamu. Lugha ya mikono haina kelele. Ukisimama dirishani nyuma ya mkaguzi, unalipatia darasa zima majibu na yeye anaendelea kunywa chai yake.

Mkaguzi, mama mmoja aliyetoka Kampala, alikuja kupima kama darasa la viziwi linafundisha au linalinda watoto tu. Likionekana halifai, lifungwe. Hapo mdogo wangu, msichana asiyesikia tangu homa ya utotoni, angerudi kukaa nyuma ya beseni za nyanya za Mama katika soko la mpakani, akitazama midomo ya watu ikichezacheza. Mama alijua alama za nyumbani tu: kula, lala, njoo, wacha. Wenzake sokoni walimsema kila siku: "Mama, mutoto hasikii. Sasa iko anasoma nini?"

Darasa lile hupanga mabenchi kama mwezi mchanga, ili kila mtoto aone mikono ya wenzake. Kwa hiyo mkaguzi, ambaye wote walimwita Madam, alikaa mbele akiwatazama, mgongo kwangu. Wazazi walisimama ukutani nyuma ya watoto. Mama aliniona. Macho yake yalisema kitu nisichoweza kuandika hapa.

Madam aliandika hesabu ubaoni, akarudi kukaa, mwalimu wao akaitafsiri kwa mikono: lori limebeba mifuko arobaini na minane ya saruji kutoka Kasese, likashusha theluthi moja Kikorongo. Imefika mingapi Bwera?

Nikapiga hesabu upesi, nikainua vidole: kumi na sita! Nilijiona profesa.

Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe amevaa kofia. Akainuka, mikono ikaanza kuruka. Darasa zima likaangua kicheko, na viziwi wakicheka, wanacheka mpaka mabati yanasikia. Madam akageuka. Akanikuta na vidole bado hewani.

"Mwalimu, huyu mtoto amesema nini?"

Mwalimu wao alijaribu kutocheka. "Madam, anamwambia kaka yake kwamba hiyo ni mifuko iliyoshushwa, haijafika Bwera. Anasema kaka yake ashuke, anaaibisha familia."

"Kaka yuko darasa gani?"

"Sekondari, Madam."

"Wewe! Ingia."

Niliingia kwa mlango kama mbuzi aliyekamatwa shambani. Madam akafuta ubao, akatuwekea hesabu mpya, ngumu zaidi, mimi upande huu, mdogo wangu ule. Nilianza kwa mbwembwe, nikakwama katikati, nikajikuna. Yeye alimaliza, akaweka chaki chini, akanitazama. Nilidhani atanicheka. Akaja upande wangu, akafuta mstari niliokosea, akanieleza taratibu kwa mikono, kama mtu anayemlisha mtoto uji: gawanya kwanza, kisha toa. Nikaelewa. Naapa, mwalimu wangu wa hesabu hajawahi kunifikisha hapo.

Madam alikuwa ameacha chai yake. "Nilikuja kuona kama wanajifunza," alisema. "Huyu anafundisha. Nitaandika darasa libaki, na waongezewe mwalimu."

Mwalimu akatafsiri. Mikono yote ikapanda juu, viganja vikipepea, maana ndivyo wanavyopiga makofi. Wazazi walikuwa wakipiga makofi yetu ya kelele; wakaangaliana, wakaacha, nao wakapepea. Mama alipepea akiwa na leso mkononi. Mimi nilipepea kuliko wote, kana kwamba nimeshinda mimi.

Nje, Mama aliniegemeza kwenye ukuta kwa kidole kimoja. Nilijiandaa kwa kofi. Akasema:

"Nionyeshe namna wanasema 'umefanya vizuri' kwa mikono. Hapana, si wewe. Niitie mudogo wako."