Kipande cha Mwisho cha Bwana Shuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi, maana nilidhani opareta wa sinema ni mtu wa kuonekana. Fundi Mkuu, Mbondei wa Muheza mwenye nyusi zilizoungua, alinitazama kuanzia viatuni akacheka mpaka akakohoa.

"Umekuja kuposa?" akaniuliza. "Huku juu hakuna atakayekuona, bwana. Vua hilo shati."

Alisema kweli. Chumba cha mashine cha sinema yetu pale Usagara kilikuwa juu ya ukumbi, nyuma kabisa, na joto lake lilikuwa la tanuri ya mkate. Kilikuwa na projekta mbili, meza ya kuungia filamu, na matundu mawili ukutani: moja la kupitishia mwanga, jingine la jicho langu. Kupitia tundu hilo niliona migongo ya watu wa Tanga kwa miaka yangu yote ya kazi. Nyuso zao nilikuwa nikizikuta sokoni tu, nisijue nani alicheka wapi.

Nyie vijana mnaobonyeza simu picha ikaja, kaeni niwaeleze. Picha moja ilifika na basi, ndani ya makopo ya bati, imegawanywa rili tano au sita. Rili ni gurudumu lililozungushiwa filamu, na moja haimalizi hata nusu saa. Ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha, kiduara kidogo kinamulika pembeni ya pazia la picha, juu kulia. Wewe mtazamaji hukioni, lakini opareta akikikosa ameumbuka, kwa sababu lazima awashe mashine ya pili papo hapo. Mwanga wenyewe tuliupata kwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokuwa vinaungua vikikaribiana, na ilibidi uvisogeze kwa mkono muda wote. Hakuna kukaa wala kwenda msalani. Ukisinzia pazia linageuka jeupe, na ukumbi mzima unamtaja mama yako.

Mwaka wangu wa tatu Fundi Mkuu alistaafu akarudi kwenye michungwa yake, mimi nikaachiwa chumba. Meneja wetu alikuwa Mmanga, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Yeye ndiye aliyeanza kutuletea picha za kaboi kutoka Ulaya.

Kaboi wa Kimarekani tulimzoea. Kanyoa ndevu, shati safi, farasi wake kachanwa mkia. Hawa wapya walikuwa watu wengine kabisa. Walikuwa na ndevu za wiki mbili, kofia imetoboka, jasho linawatiririka mpaka unajipangusa mwenyewe. Meneja aliniambia kuwa waliotengeneza ni Wataliano, na lile jangwa ni la Uhispania. Midomo yao na maneno havikukutana. Mtu amekwisha kufunga kinywa, sauti bado inaendelea, na ukumbi unapiga kelele, "Anasemea tumbo huyo!" Kiingereza chenyewe wengi hawakukijua, na hawakukihitaji. Siku za Jumapili vibarua wa mashamba ya mkonge walikuja kwa malori. Wakimwona tajiri wa kwenye picha anawachapa wakulima mijeledi, walikuwa wanamwita kwa jina la nyapara wao. Wallahi, siku moja nyapara mwenyewe alikuwa ndani, akatoka kimya kimya kabla taa hazijawashwa.

Na palikuwa na sheria moja tu: stelingi, yule shujaa wa picha, hafi. Apigwe, afungwe, azikwe mchangani mpaka shingo, lakini hafi. Nani asiyejua hilo?

Meneja alifungua pia shoo ya akina mama, Jumatano baada ya adhuhuri, wanaume marufuku isipokuwa mimi kule juu. Kwa desturi walionyeshwa picha za Kihindi. Jumatano moja kopo la Kihindi halikufika, nikaweka kaboi. Nikasikia sauti chini ya tundu langu, kiti cha pembeni safu ya mwisho: "Geuka nyuma, baba we! Nyuma! Loh, kiziwi huyu!" Nilicheka hadi nikakosa kiduara. Wiki iliyofuata sauti ile ilikuwa pale pale. Nikamtuma shangazi yangu akaulize ni ya nani. Ilikuwa ya Mwanakombo wa Mabawa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mke wangu. Mungu hakutujaalia watoto. Tulikuwa sisi wawili, na kila Jumatano mimi juu, yeye chini. Hatukuwahi hata siku moja kukaa viti viwili jirani tukatazama picha. Nani angeshika kaboni?

Sasa nije kwenye lile jambo.

Ikaja picha ya kaboi mmoja aliyejifunika blanketi lenye tundu la kupitishia kichwa. Watu wa Tanga wakambatiza Bwana Shuka. Anafika kijiji kikavu na nyumbu wake, huyu wa punda na farasi, si wa porini, anagawana maji yake ya mwisho na mzee mmoja mwenye kiu, anapigana na tajiri aliyefunga kisima, anawashinda wote. Anapanda nyumbu, anaondoka. Akifika kwenye lango la kijiji, yule mzee aliyempa maji anampiga risasi ya mgongoni. Bwana Shuka anaanguka. Nyumbu anasimama pale. Kwenye pazia likaandikwa lile neno la mwisho wa picha, basi.

Shoo ya kwanza ilikuwa ya Jumamosi alasiri. Taa zilipowashwa hakuna aliyeinuka kitini. Kisha mtu akasema, "Bado rili moja." Mwingine akasema, "Opareta kaificha!" Mnasikia? Hawakusema picha mbaya. Walisema mimi nimeiba mwisho. Walipanda ngazi, wakagonga mlango wangu kwa miguu ya viti walivyovivunja. "Toa rili, mwizi we! Stelingi hafi!" Mimi ndani nimeegemeza mgongo mlangoni, na makopo yote matupu yako mezani.

Meneja alipowatuliza akapanda. Hakukasirika. Akaniambia, "Ukate pale anapopanda nyumbu na kuondoka. Wanataka aende zake, basi aende zake."

"Na kipande kitakachobaki?"

"Utakiunga tena kabla hatujairudisha kwenye basi. Na hili, bwana, lisitoke humu. Hata kwa mkeo."

Nikakata kwa mkasi. Shoo iliyofuata Bwana Shuka akapanda nyumbu, pazia likageuka jeupe, watu wakasimama kushangilia. "Eh, hiyo ndiyo rili yenyewe!" Nilipowapa picha nzima niliitwa mwizi. Nilipowaibia walinipigia makofi. Jumatano akina mama nao wakaiona, Mwanakombo akaja nyumbani anapiga mluzi wa muziki wa picha ile, ananiambia, "Nimempenda huyu mwenye shuka. Kaenda wapi sasa?" Nikamjibu, "Kaenda Muheza kuuza machungwa." Akacheka, akaendelea kusonga ugali.

Kuunga filamu ni kazi ya mkono mwepesi. Unakwangua ncha kwa wembe, unapaka gundi yake maalumu, unabana, unahesabu taratibu. Ile ya Bwana Shuka nilisahau. Basi lilipiga honi, nikafunga makopo haraka, na kipande kikabaki droo ya meza. Nilikwenda kwa Meneja nikijua nimefukuzwa. Tulingoja malalamiko kutoka miji iliyofuata, hayakuja. Meneja akasema, "Umeona? Hakuna aliyetaka afe." Tangu hapo kila picha ya namna hiyo niliikata bila kuambiwa, na kuiunga kabla haijaondoka. Kile kipande cha Bwana Shuka nilikiweka kwenye kopo la maziwa, nikalipeleka nyumbani.

Baadaye zikaja kanda za video, watu wakabaki majumbani mwao. Meneja alifunga, viti vikang'olewa, ukumbi ukawa ghala la saruji. Mwenye ghala alinichukua niwe mlinzi wa mchana. Fikirini: nalinda jengo lile lile, tundu langu limezibwa kwa matofali. Ndiyo kazi niliyostaafia.

Mwanakombo alipougua, hospitali walituambia tumrudishe nyumbani. Nilielewa maana yake. Ndugu zake walijaa, kila anayeingia anasema, "Utapona, dada, utapona tu." Adhuhuri moja wakawa wameenda kupika, tukabaki wawili. Akaniita kama alivyoniita siku zote.

"Opareta."

"Naam, mke wangu."

"Bwana Shuka alifika alikokwenda?"

Nikacheka cheko la uongo. "Si kaenda Muheza."

"Kila picha huandika neno la mwisho," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini macho makavu. "Ile haikuandika. Pazia liligeuka jeupe tu. Nimejua miaka yote kwamba ulikata, nikasema siku moja ataniambia mwenyewe. Niambie leo. Watu wote humu wananidanganya."

Nilikuwa na mkono wake mkononi mwangu. Alichokuwa anauliza nilikijua, msidhani sikukijua. Nikasema, "Stelingi hafi, bibi."

Akautoa mkono wake taratibu. "Hata wewe," akasema, akageukia ukutani.

Aliishi siku tatu zaidi. Aliniomba maji, aliniomba nimsogezee mto, na hakuniuliza kitu kingine. Hatukuagana. Mke wangu alitaka mtu mmoja tu wa kumwambia kweli ili naye aseme yake, nami nikamkatia. Nyumba ile sasa ina upweke ambao siwezi kuueleza. Napika kibaba kimoja, nakula nusu. Wakati mwingine nalala mchana ili siku iwe fupi.

Mwezi uliopita nilipita kwa Rama, bwana mmoja wa Mabawa mwenye kibanda umiza, hivi vibanda vya kuonyeshea picha kwa televisheni. Yeye ni didijei pia: anakaa na kipaza sauti akitafsiri picha kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Opareta."

"Marahaba, Rama."

"Leo nina picha ya zamani ya kwenu. Kaboi mwenye blanketi."

Nikaingia, nikakaa kwenye benchi katikati ya watu kumi hivi, bega kwa bega. Nisameheni ikiwa ni jambo dogo kwenu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama picha nikiwa nimekaa na watu. Nilitaka kumgeukia mtu wa kulia kwangu nimwambie kitu. Alikuwa kijana nisiyemjua, nikarudisha macho kwenye picha.

Bwana Shuka akapanda nyumbu. Rama akanyoosha rimoti.

"Mbona unazima?" nikamuuliza.

"Hapa huwa nasimamisha, mzee wangu. Wateja hawapendi mbele."

Ala! Hajawahi kufundishwa na mtu yeyote, na mimi sikumwambia mtu. Nikasimama, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Acha iende, Rama! Acha iende mpaka mwisho!"

Akaiacha. Lango likaja, mzee akatokea, risasi ikalia. Rama hakutafsiri kitu, maana hapakuwa na maneno. Neno la mwisho likaandikwa. Nilingoja benchi livunjwe, halikuvunjwa. Yule kijana wa kulia akasema tu, "Kumbe alikufa," akafuta uso kwa fulana yake.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda makaburini na kopo la maziwa. Nikasoma dua, nikakaa chini, nikakitoa kipande. Nikakiinua juani nikamsomea vile vipicha vyake vidogo, kimoja baada ya kingine.

"Alikufa, Mwanakombo," nikamwambia. "Alipigwa mgongoni pale langoni, na nyumbu wake alisimama karibu. Nilikata mimi. Na wewe ulikuwa unakufa, mke wangu, nami nilijua, nikaogopa kukwambia. Na hapa pameandikwa neno la mwisho, ulisema kweli, lilikuwapo."

Nikangoja kidogo, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kusikia sauti chini ya tundu lake. Kisha nikafunga kopo, nikarudi nyumbani.