Sare Tisa za Mwimbaji wa Benchi la Nyuma

Dada yule mwimbaji wa Seven Hills amefariki, na nimelisema moja kwa moja kwa sababu nikianza na jingine sitafika. Mnanijua, wasomaji wangu wa siku nyingi, mimi ni mtu wa kuzunguka nyumba nzima kabla ya kupiga hodi. Nilikuwa stesheni ya Fairfield, hapa Sydney, nangoja treni, simu ikalia, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu akaniambia moyo wa dada umesimama asubuhi ileile, akiwa kazini, anamvalisha bibi mmoja soksi. Treni ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka, nami bado nimesimama na simu sikioni, hali mwenyekiti alishakata zamani. Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa kwenye kiti nakumbuka jambo, nainuka. Chai naimaliza nimesimama jikoni. Mke wangu ameniambia, "Baba, ama kaa ama toka, macho yamenichoka kukufuata." Kwa hiyo safu hii nimeiandika vipande vipande, kimoja kwenye treni, kingine nimeegemea friji, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule darasa la nne. Mhariri akiona mistari inapanda na kushuka anisamehe.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti. Aliimba soul, ule muziki wa weusi wa Marekani, wa watu waliolelewa kanisani halafu wakaibeba sauti ileile kwenda kuimba mapenzi na machozi. Mimi sikuujua muziki huo. Niliyemjua mimi ni msichana wa kwaya kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikokaa sisi Warundi na wao Wakongo, maturubai yetu yakitazamana. Alikuwa mwembamba, anasimama mstari wa mbele, na akifungua kinywa hata wanaogombana kwenye foleni ya maji walinyamaza, halafu wakaendelea kugombana wimbo ukiisha. Miaka mingi baadaye tukakutana tena hapa Sydney, kanisa letu likiwa kwenye ukumbi wa kukodi, yeye amekuwa mama wa binti mmoja, anafanya kazi nyumba ya wazee, ana magoti yanayouma kama ya sisi sote. Mimi nilikuwa kiwanda cha magodoro. Godoro ni kitu cha ajabu, unalitengeneza mchana kutwa na wewe mwenyewe hulali vizuri, lakini hayo tuyaache.

Jinsi alivyoingia kwenye muziki ni hadithi aliyoisimulia mwenyewe, akicheka. Kwenye ile nyumba ya wazee kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, kiharusi kimemfunga ulimi na upande mmoja wa mwili. Dada alikuwa akimwogesha huku anaimba polepole nyimbo za kwaya, maana bila kuimba, anasema, ile kazi mgongo unaihesabu. Siku moja mkono mzima wa yule mzee ukaanza kugonga chuma cha kitanda. Akaimba haraka, mkono ukaharakisha. Akanyamaza, mkono ukamngoja. Kumbe mzee alikuwa mpiga ngoma wa bendi maisha yake yote. Mpwa wake alipokuja kumtazama akawakuta hao wawili, mmoja anasugua mgongo, mwingine anagonga kitanda, na mpwa huyo naye alikuwa na bendi iliyokosa mwimbaji. Basi, hivyo tu. Ndani ya miaka michache dada yetu alikuwa anaimba Newtown, anaimba Melbourne, ametoa albamu, ameimba redioni, na katikati ya Kiingereza anaingiza mstari wa Kiswahili mpaka Wazungu wanauimba bila kujua wanasema nini. Na Jumatatu yuko kazini na glavu mkononi. Watu wetu walimshangaa: msanii mzima unapangusa wazee? Akawajibu, "Wale iko watu wangu. Kule klabu wananipigia makofi, huku wananingoja."

Sasa nifike ninapopaogopa. Ile mara ya kwanza kabisa kuimba klabu, mtu alimpiga picha, picha ikazunguka kwenye simu za waumini, na sisi wazee wa kanisa tukamwita. Tulikuwa watano mezani, yeye amesimama. Mwenyekiti akamuuliza, "Uliimba nini huko?" Akajibu, "Niliimba mapenzi, Papa." "Mapenzi ya nani?" "Ya mwanamke aliyeachwa." Mzee mmoja akasema nyimbo za namna hiyo si za mtu wa kwaya. Dada akamtazama kwa upole, akasema, "Papa, na walioachwa si tuko nao hapa kanisani? Nani anawaimbia?" Nilitaka kucheka, nikakohoa. Lakini sheria ni sheria, tulikuja nayo kutoka kambini kama tulivyokuja na masufuria. Akapewa miezi mitatu ya nidhamu: avue sare ya kwaya, akae benchi la nyuma karibu na mlango, asishiriki meza ya Bwana. Jina likaandikwa kwenye daftari.

Kwa wasiojua, nidhamu yetu ina namna yake ya kuisha. Haiishi kwa kalenda. Siku zikitimia, mzee mmoja aliyepangwa anatoka mbele, anatembea mpaka benchi la nyuma, anamshika yule mtu mkono na kumleta mbele huku watu wakiimba. Mwenyewe hawezi kujileta, wala haruhusiwi kuuliza. Kuuliza ni kiburi. Anakaa anangoja mkono. Na mzee aliyepangwa kumshika mkono dada yule nilikuwa mimi.

Jumapili ile kiwanda kiliniita. Kulikuwa na oda kubwa, supavaiza akasema anayekataa asilalamike baadaye, nikaenda. Moyoni nikasema mwenzangu fulani atanishikia nafasi. Sikumpigia simu. Jumapili iliyofuata dada hakuwepo, alikuwa na shifti. Ile ya baadaye nikamwona amekaa nyuma, nikajiambia: ah, amesharudishwa, amependa tu kukaa nyuma ili awahi kutoka. Na wazee wenzangu kila mmoja akajiambia lake. Ndivyo ilivyokwenda. Yeye akazidi kujulikana, sisi tukazidi kusema amekuwa staa, hataki tena kusimama na kwaya, anaona sare zetu za kitenge zinamshusha. Niliyasema na mimi. Niliyasema kwenye harusi, mdomo una pilau. Nimesema nitakuwa mkweli.

Na nafasi niliipata, jamani, niliipata mkononi. Kulikuwa na tamasha la wazi Bankstown, la bure, mchana, nikaenda kununua samaki nikajikuta nimesimama mbele ya jukwaa na mfuko wangu. Dada akatoka na gauni la kijani, bendi nyuma yake, akaanza wimbo chini kabisa kama mtu anayezungumza na mtoto, halafu akaupandisha, akaupandisha, mpaka mama mmoja Mvietinamu pembeni yangu akanishika kiwiko bila kunijua. Nililia. Mimi, mzee wa kanisa, samaki wanadondosha maji kwenye viatu, nalilia wimbo wa mapenzi. Aliposhuka akaniona, akaja moja kwa moja, jasho linamtoka, anacheka. "Papa! Ulikuya kuniandika tena?" Nikacheka sana. Akasema, "Maana ile ya kwanza ingali." Nikacheka tena, nikamwambia wewe mtoto una utani, nikamsifu sauti, nikaondoka na samaki wangu. Sasa ninayageuza maneno yale kila ninapotembea. Haruhusiwi kuuliza, naye akauliza kwa njia pekee iliyobaki, na mimi nikaona ni mzaha.

Alipofariki, wazee tukakutana kupanga mazishi. Katibu akafungua daftari, akavuta miwani, akasema, "Huyu hakufungwa." Yaani jina lake halikupigwa mstari wa kumaliza nidhamu. Na kwetu mtu akifa chini ya nidhamu jeneza haliingii kanisani na kwaya haiimbi. Unazikwa kwa sala fupi ya makaburini, basi. Mwenyekiti akasugua uso. Mmoja akasema labda yeye mwenyewe hakutaka kurudi, alishachagua dunia. Nilijua papo hapo. Nilijua kama mtu anavyojua amesahau jiko linawaka. Na nilinyamaza. Nisiwafiche, nilinyamaza, nikatazama kucha zangu.

Hapo binti wa marehemu akaingia. Msichana mkubwa, nesi, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Amebeba mfuko mkubwa wa nguo. Akauweka mezani, akaanza kutoa sare za kwaya, moja baada ya nyingine, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Mnajua kwaya yetu hubadilisha kitenge kila mwaka, na kila mwanakwaya hununua chake na kushona. Ile ya maua ya njano, ile ya bluu yenye ndege, ile ya zambarau tuliyoilalamikia kwamba inachuja, zote. Tisa. Hakuna hata moja iliyovaliwa, nyuzi za fundi bado zinaning'inia pindoni. Binti akauliza ni ipi mama avishwe, maana yeye hajui ipi ni ya sasa. Akasema kila mwaka mama alikuwa akitafuta kitambaa, anashona, anaining'iniza kabatini, na wiki nzima anapika huku anajifunza nyimbo mpya za kwaya kwenye simu. Alipomuuliza kwa nini, mama alimjibu, "Wakiniita nisiwe na nguo?"

Katibu akafunga daftari taratibu kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa. Nikasimama. Nikasema, "Aliyetakiwa kumshika mkono ni mimi. Sikwenda. Nilikuwa kiwandani, halafu nikajifanya nimeona ameshikwa." Mwenyekiti akasema, "Mzee, miaka tisa?" Nikasema, "Miaka tisa." Yule aliyesema dada alichagua dunia akaanza kunitetea, kwamba sote tulikuwepo, sote tulimwona pale mlangoni. Binti akamkatiza. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema Kiswahili, kile cha mama yake, kimepinda kidogo kwa kukosa mazoezi. "Babu, mama alifikiri mnamkatala. Kila Mungu alifikiri leo." Kila Mungu, yaani kila Jumapili, wasomaji wangu. Nikamwomba radhi, akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akaanza kuzikunja sare upya.

Jeneza liliingia kanisani, naye ndani yake amevaa kitenge cha mwaka huu, binti alikata zile nyuzi mwenyewe. Nilitembea kando ya jeneza kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, mkono wangu juu ya mbao, kwa sababu hicho ndicho kilichobaki cha kushika. Kwaya ikaimba. Ile bendi ya Wazungu ilisimama ukutani na suti zao nyeusi, na mchungaji, ambaye ni mgeni kwetu na ana ujasiri tulioukosa sisi, akawaambia wapige wimbo mmoja wa dada. Wa yule mwanamke aliyeachwa. Hakuna mzee aliyetoka nje. Lakini msiniambie kwamba mambo yaliisha vizuri, kama mlivyoniambia mlipokuwa mnakula baada ya mazishi. Mtu alikaa karibu na mlango akisubiri, upepo wa baridi ukimpiga kila mtu alipoingia kuchelewa, na huku nje jiji zima linamshangilia. Makofi yote yale hayakuziba nafasi ya mkono mmoja. Nilikuwa nadhani umaarufu unashibisha. Nilikuwa nadhani mtu anayeimba vile hawezi kutuhitaji sisi wa magodoro na wa maghala.

Baada ya mazishi nikamwomba katibu anisomee majina mengine yasiyopigwa mstari. Yalikuwa matatu. Mmoja amehamia Perth, nimempigia simu. Mmoja amefariki, nimekwenda kwa mkewe. Wa tatu anakaa Bankstown, alipewa nidhamu kwa kunywa bia kwenye harusi ya mdogo wake, zamani sana, na nikapanda treni nikamfuata. Alifungua mlango na fulana ya kazini, akaniangalia juu mpaka chini. "Mzee, mimi kanisa niliacha. Msinisumbue." Nikamwambia sikuja kumrudisha, kanisa asali atakako au asisali. Nimekuja kumwambia kwamba lile jambo lake lilikwisha miaka mingi, na sisi ndio hatukumwambia. Akasimama na kitasa mkononi. Halafu akageuka akaita ndani, sauti imebadilika, "Mama watoto, hebu njoo. Njoo usikie huyu mzee anasema nini."

Sikusoma sana na sina mafundisho makubwa ya kuwapa. Ninalo hili. Wewe unayesoma, kama kuna mtu ulimkasirikia, na hasira imekwisha, na moyoni umeshamsamehe kitambo, jua kwamba yeye hajui.