Kibao cha Thelathini

Jumatatu moja kamera mpya ya kasi ilinipiga picha mara tatu. Mahali pale pale, gari lile lile, dereva yule yule.

Na mara zote tatu, wallahi, nilikuwa naendesha roho safi nikijua nimefuata sheria.

Niiteni Mbwana. Majina nimebadilisha yote, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini. Nakaa karibu na Msambweni. Nina gari langu la abiria saba, na hoteli moja ya Diani imelikodi kubeba wafanyikazi: zamu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni.

Ujumbe wa kwanza uliingia kwenye simu saa mbili asubuhi. Eti nimepita mbele ya shule kwa kasi ya arobaini na nane, badala ya thelathini.

Nikacheka. Thelathini ya wapi? Barabara ile sisi tunaijua ni hamsini.

Wa pili ukaingia mchana. Wa tatu ulipoingia jioni, kicheko kilikuwa kimekauka na jasho linanitoka.

Kwa nini? Kwa sababu hoteli ina sheria yake. Dereva akipata ilani tatu, hana kazi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mamangu ananitegemea mimi.

Asubuhi yake nikaitwa na Hesbon, msimamizi wa usafiri. Mtu wa bara, si mbaya, ila maneno yake hayana mto wa kulalia.

"Buda, mimi sina noma na wewe," akasema. "Lakini tatu ni tatu. Una wiki mbili usafishe jina. Ukishindwa, natafuta dereva mwingine."

Nikatoka pale mpaka shuleni, mbio.

Nguzo niliikuta. Imesimama kando ya barabara, imeinama kidogo, misumari imeliwa na kutu. Kibao hakuna!

Nikazunguka upande wa pili nitafute kingine. Hakuna. Barabara nzima ile, shule yenye watoto mia nne, ilikuwa na kibao kimoja tu, nacho kimeyeyuka.

Jamani, nilipandwa na hasira. Nikajiambia hawa watu wa kamera wamekuja kututega. Wameng'oa kibao, wakaweka kamera, wakakaa afisini kusubiri. Yeyote angeniambia vinginevyo siku ile ningegombana naye.

Nikaandika barua kwa afisi ya barabara. Kamera si ya haki, haina onyo, iondolewe. Afisini wakaniambia barua ya mtu mmoja haina uzito, nilete na wakazi.

Wakazi? Hao tu?

Nikaanza na jirani yangu Chirau, dereva wa tuktuk, rafiki yangu tangu chuoni tukisoma Kurani. Naye kamera ilikuwa imeshampiga mara moja. Hata hakuisoma barua. Akatia sahihi juu ya usukani, wa kwanza kabisa.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Bi Esha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mbwana. Kheri?"

Nikamweleza. Akaisoma barua polepole, akaisoma tena.

"Na watoto je?" akauliza.

"Mwalimu, watoto hawa barabara wameizoea. Mimi mwenyewe nimesoma hapa, mbona sikugongwa?"

Akanitazama. Akatia sahihi, lakini kalamu akaiweka mezani badala ya kunipa mkononi.

Watu arobaini na watatu wakatia sahihi. Siku ya kusikizwa nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikawaonyesha picha za nguzo tupu, nikasema mpaka afisa akafunga faili. Ilani zangu zikafutwa. Za wengine pia. Kamera ikaondolewa "mpaka alama zitakapokamilika."

Mtaani nilipokewa kama bwana harusi. Hesbon akanipa mkono, akasema mimi ni noma. Kazi yangu ikabaki.

Siku kumi na moja baadaye, lori la mchanga lilimgonga Fauzia.

Alikuwa darasa la tatu. Alikuwa anavuka kwenda dukani kununua kalamu ya risasi, na mkononi alikuwa na kile kipande cha zamani, kimekwisha.

Fauzia ni bintiye Chirau.

Dereva wa lori hakukimbia. Alikaa chini kando ya gurudumu akilia, akiwaambia polisi: "Sikuona kibao chochote. Wallahi sikuona kibao." Nilikuwa nimesimama pale katikati ya watu. Maneno yake yalikuwa yale yale ya barua yangu, nikashindwa hata kumchukia.

Tukamzika alasiri ile ile. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku ya tatu ilikuwa hitma. Mamangu, Bi Subira, ndiye mpishi wa shughuli huku kwetu. Harusi, maulidi, matanga, sufuria kubwa ni zake. Macho yamepungua nguvu na kusoma hakujua tangu zamani, lakini pilau yake haina mpinzani. Ikishakauka maji huifunika bati, akaipalia makaa juu, ikaiva pande zote mbili.

Watu walipokaribia kumaliza kusoma, akaniita jikoni uani.

"Mwanangu, njoo unitolee makaa. Bati hili zito."

Nikakwangua makaa. Nikashika bati kwa vitambaa, nikaliinua, nikaligeuza nilisimamishe ukutani.

Upande wa chini mvuke ulikuwa umelainisha masizi yaliyolifunika. Nikaona duara jekundu. Nikapitisha kitambaa. Ikatokea tatu. Ikatokea sufuri.

Nikaliweka chini.

"Mama, bati hili umelitoa wapi?"

"Si lile la maulidi? Kifuniko chetu kilitoboka, nikaliona hili limelala majanini pale njia ya shule. Bati zuri, moto haulipindi. Kwani ni la mtu?"

Nikalifuta tena.

"Mbona wauliza, na wewe ndiye uliyelipakia?" akaendelea, huku anapakua. "Vyombo vililala garini mwako Jumapili. Jumatatu ukashinda navyo kutwa, ukanishushia jioni."

Jumatatu ile ya kamera.

Nikakumbuka wafanyikazi walivyonung'unika siku ile kwamba sufuria zinawabana miguu. Mara tatu nilipita mbele ya shule. Mara tatu kamera ikanipiga. Na kibao nilichoapa mbele ya afisa kwamba kimeng'olewa ili tutegwe, nilikuwa nacho nyuma ya kiti changu.

Nilisubiri watu watawanyike. Chirau alikuwa amebaki peke yake mkekani. Nikakaa karibu naye, nikamwambia yote, sikuficha hata moja. Nilitaka anipige. Kweli nilitaka.

Alivuta uzi wa mkeka mpaka ukakatika.

"Mamako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue," akasema. "Amempikia mwanangu kwa mikono yake."

Akainuka akaingia ndani. Tangu siku hiyo salamu yangu huijibu, lakini hasimami.

Kibao nimekisugua kwa mchanga na ndimu, nikakifunga kwa nati mpya. Afisini nilikwenda nikasema ukweli, wakaandika, wakaniambia faili imeshafungwa. Kamera imerudi. Kazi bado ninayo, na kila asubuhi napita pale kwa ishirini.

Mtaniuliza, kwani ulikosea kudai haki? La. Kumwekea mtu kamera bila kumwonyesha kibao ni dhuluma, na kibao kimoja kwa shule nzima ni dhihaka. Hilo nitalisema mpaka kesho.

Lakini barua ile ninayo, naisoma kila nikikosa usingizi. Tulikuwa watu wazima arobaini na watatu, wengi wetu wazazi. Tuliandika kamera iondoke. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika kibao kirudishwe.